Mafundo Ishirini na Nane

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Tuambie, Bibi.

Palikuwa na wivu. Wivu ulikuwa na nyumba, na nyumba ilikuwa na wake wawili.

Haya, endeleeni kuchambua kunde. Mikono iwe kazini, masikio nipeni mimi. Na wewe Chausiku, ukicheka kabla sijafika pa kuchekesha, nitaanza upya.

Basi, hapo kale, kando ya kinamasi kimoja kikubwa, palikuwa na mume aliyeitwa Mahadhi. Mke wake mkubwa alikuwa Mashavu, na mke wake mdogo alikuwa Sikujua. Katika kijiji hicho watu walifuga kuku tu. Bata hawakuwahi kumwona hata unyoya.

Mashavu alikuwa bingwa wa kuku. Mtu akiwa na mayai na hana kuku wa kuyaatamia, alikwenda kwa Mashavu kuazima tetea. Na desturi yao ilikuwa hii: tetea wa kuazima hukaa siku ishirini na moja, vifaranga wakitoka, anarudishwa kwa mwenyewe pamoja na kifaranga mmoja wa shukrani. Siku ishirini na moja, haipungui wala haizidi.

Kuku alikuwa nao, heshima alikuwa nayo, lakini mwenzake alimkaa rohoni. Sikujua akipika wali, Mashavu alisema umeungua. Sikujua akisuka mkeka, Mashavu alisema umepinda. Sikujua akicheka peke yake, Mashavu alisema, "Ananicheka mimi." Wivu ulimtafuna, chakula hakikumshuka.

Siku moja Sikujua alikwenda kinamasini kukata ukindu wa mikeka. Akasikia mtu analia. Akasogeza matete, akaona zimwi.

Lilikuwa zimwi kubwa, limejaa matope hadi kwenye nyusi, limekalia kiota na machozi yanalitoka.

"Usikimbie," zimwi likasema. "Nimeshakula leo. Njoo unishike mkono."

Sikujua akaushika. Mkono ulikuwa baridi kama chura.

"Umeona?" zimwi likasema. "Mimi sina joto. Nguchiro amemla bata wangu, ameniachia mayai kumi. Nayakalia tangu asubuhi, na kila nikiyakalia ndiyo yanazidi kupoa. Wewe una joto. Yachukue uyaatamishe. Wakitoka, watano wako, watano wangu."

"Na wasipotoka?"

"Wasipotoka, nitakuchukua wewe. Utakuja kukaa hapa kuyaatamia mayai ya bata wangu wengine, mpaka uzeeke."

Jamani, kwa zimwi hakuna kusema sitaki. Sikujua akayapokea mayai. Zimwi likampa na kamba yenye mafundo ishirini na nane.

"Kila kukicha fungua fundo moja. La mwisho likifunguka, watatoka, nami nitakuja jua likizama. Na zile siku za mwisho, yarushie maji ya vuguvugu kwa kiganja. Bata ni mtoto wa maji."

Basi Sikujua akaenda kwa mke mwenzake, akapiga magoti, akamweleza yote. Zimwi, mayai, ahadi.

"Bi mkubwa, niazime tetea mmoja. Nisaidie, nisije nikachukuliwa."

Mashavu akayatazama yale mayai. Makubwa, meupe, mazito mkononi. Maisha yake yote hakuwahi kuangua mayai kama yale. Moyo ukamchoma. Kwa nini zimwi halikuniita mimi? Bingwa wa kuku ni nani kijiji hiki?

Lakini akasema kwa sauti ya asali, "Mchukue yule wa kijivu, bi mdogo. Desturi unaijua."

Sikujua akafurahi, akasahau kuomba siku saba za ziada. Akamlaza tetea wa kijivu juu ya mayai kumi, na kila asubuhi akifungua fundo anaimba:

*Bata, bata, mtoto wa maji,*
*fundo moja limefunguka,*
*mengine bado, lala.*

Kijiji kizima kikaja kutazama. Wanawake walikaa uani kwa Sikujua, wakanywa uji wa Sikujua, wakauliza habari za zimwi. Uani kwa Mashavu hakuja mtu. Mashavu akawa anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, ili apite karibu asikie wanasema nini.

Siku ya ishirini na moja ikafika. Mashavu akaingia bila hodi.

"Vifaranga wako wapi?"

"Bado, bi mkubwa. Yamebaki mafundo saba."

"Yai ni yai," Mashavu akasema. "Siku ishirini na moja zimekwisha. Hayo ni mayai viza. Na tetea wangu namchukua, desturi ni desturi."

"Bi mkubwa, nakuomba. Siku saba tu."

"Desturi ni desturi."

"Zimwi litanichukua."

"Desturi ni desturi," Mashavu akasema mara ya tatu, akamkwapua tetea wa kijivu, akaenda zake. Njiani alitembea kwa maringo. Alijua anachofanya, wajukuu zangu. Sitamsingizia kwamba hakujua.

Sikujua akalia kidogo, akafuta machozi. Akachukua kanga zake mbili, akayafunga mayai yote kumi tumboni, akaketi kando ya jiko la moto mdogo. Hakwenda kisimani. Hakwenda arusini. Kulala alilala ameketi, ameegemea ukuta. Asubuhi aliyafungua, akayageuza, akayarushia maji ya vuguvugu kwa kiganja, akafungua fundo, akaimba:

*Bata, bata, mtoto wa maji,*
*fundo moja limefunguka,*
*mengine bado, lala.*

Watu wakamcheka. "Sikujua amekuwa kuku," wakasema. Lakini Mahadhi, mumewe, alimwonea huruma. Akawa anamchotea maji. Akawa anamkorogea uji. Akawa anampepelea jiko.

Mashavu akayaona hayo. Lo, kumbe wivu una ghorofa. Yeye aliyeolewa mwanzo hakuwahi kuchotewa hata kata moja ya maji. Akalala njaa siku mbili kwa hasira, na hakuna aliyemuuliza amekula nini.

Siku ya ishirini na nane Sikujua akafungua fundo la mwisho. Akatega sikio kwenye mayai. Kimya. Jua likapanda. Kimya. Jua likapinduka, likaanza kushuka. Kimya. Sikujua akaoga, akavaa kanga safi, akayafunga tena mayai tumboni, akamuaga mumewe.

Mara akasikia kitu kinamgonga tumboni. Ko, ko, ko.

Akafungua kanga haraka. Yai moja lina ufa. La pili lina tundu. La tatu limetoa mdomo mpana, bapa, ambao kijiji kile hakikuwahi kuuona. Wakatoka mmoja mmoja, wamelowa, wanatetemeka, hadi wakatimia kumi. Walipokauka wakawa manjano tupu, wakaanza kumfuata Sikujua kila anakokwenda.

Kijiji chote kikashangilia. Mashavu alisimama nyuma ya watu, mkono kifuani. Kila mtu anamtaja Sikujua. Sikujua kaweza. Sikujua kaangua. Sikujua, Sikujua, Sikujua. Wala hakuna aliyekumbuka tetea wa kijivu.

Jua lilipogusa matete, zimwi likaja. Watu wakarudi nyuma. Zimwi likawahesabu vifaranga, likacheka hadi matope yakalidondoka. Mgongoni lilibeba tenga kubwa lililofunikwa.

Mashavu akaliona tenga. Akasema moyoni, hiyo ni zawadi. Hiyo ndiyo zawadi ya Sikujua, atazidi kuniringia.

"Nani aliyewaatamia wanangu?" zimwi likauliza.

Mashavu akapenya mbele. "Ni mimi. Tetea alikuwa wangu."

Sikujua akamvuta kanga. "Bi mkubwa, nyamaza. Hili ni zimwi, si mtu wa kumwambia uongo."

"Unaona?" Mashavu akamjibu. "Roho yake mbaya. Hataki nipate."

Zimwi likauliza tena, "Nani aliyewapa joto?"

"Ni mimi. Mwanamke mwenye joto hapa ni mimi."

Zimwi likauliza mara ya tatu, "Nani aliyekaa siku zote ishirini na nane, na hakuchoka?"

"Ni mimi, na nikitakiwa nitakaa tena."

"Vizuri sana," zimwi likasema. "Ndiye niliyekuwa namtafuta."

Likafunua tenga. Ndani hamkuwa na zawadi. Mlikuwa na majani makavu, laini, yametandikwa kama kiota cha kumtosha mtu. Zimwi likamwinua Mashavu kwa vidole viwili, likamketisha humo. Likachukua vifaranga watano, watano likamwachia Sikujua kama lilivyoahidi, likaondoka.

Hapo unaweza kucheka, Chausiku, ukitaka. Lakini Sikujua hakucheka.

Kulipokucha Sikujua aliichukua ile kamba, akaifunga upya mafundo yote ishirini na nane, akaenda kinamasini, akalibembeleza zimwi. Akamkuta Mashavu juu ya kiota, amekalia mayai kumi, uso umekunjamana.

"Bi mkubwa," akamwita. "Zimwi limenikubalia. Ukiangua kiota kimoja tu, litakuachia urudi nyumbani. Shika kamba hii uhesabie. Ni siku ishirini na nane."

Mashavu akaitazama kamba. Akamtazama aliyeileta.

"Unifundishe wewe?" akasema. "Mimi nimeangua mayai kabla hujajua kusuka nywele. Yai ni siku ishirini na moja."

"Ni ishirini na nane, dada yangu. Tafadhali."

"Ondoka."

Sikujua akaitundika kamba kwenye tete, karibu kabisa, pale ambapo mkono ungeifikia. Akarudi nyumbani analia.

Mashavu akahesabu kwa vidole. Siku ya ishirini na moja akatega sikio kwenye mayai, akasikia kimya. "Viza," akasema, akasimama. Mayai yakapoa. Zimwi likaja, likahuzunika, likamletea mengine kumi.

Na hayo akayakalia siku ishirini na moja, akasimama. Na mengine. Na mengine. Kamba ipo palepale kwenye tete, mkono wake unaifikia, na bado hajaigusa, kwa kuwa aliyeileta ni Sikujua.

Wajukuu zangu, mtu mwenye wivu hukataa hata msaada, akiona tu umetoka kwa anayemwonea wivu. Mkipewa kamba, ishikeni, msiangalie ni ya nani.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye siku ya ishirini na moja. Leteni hizo kunde nizione.