Pesa ya Vuai Iliyofutika

Hapo zamani, raia wakila muhogo na Sultani akila pilau, Sultani huyo aliingiwa na wazimu wa kukusanya sarafu. Dinari zake alizitia katika sanduku la msandali, asiziguse ila kwa kitambaa cha hariri; wala hapana aliyeruhusiwa kuzisogelea, asije akazipumulia.

Basi palikuwa na fukara, jina lake Vuai, mwenye pesa moja ya shaba na mdomo usiofungika. Siku moja barazani akajigamba, "Pesa yangu hii imeshikwa na mikono mingi kuliko dinari zote za Sultani!" Lo! Ulimi huponza kichwa. Hajameza mate, askari hao, wakamburuta hadi mbele ya Sultani.

"Ewe Vuai," akasema Sultani, "thamani ya sarafu ni tarehe yake, yaani habari zake tangu kale. Nihesabie mikono yote iliyoshika pesa hii tangu ilipofuliwa, usisaze hata mmoja. Ukishindwa, nyumba yako naichukua."

Jasho likamtoka. Nyumba yenyewe kibanda cha makuti, lakini ndimo walimolala mkewe Mize na wanawe. "Mjinga mimi!" akajisemea. "Wenzangu hujigamba kwa mashamba, mimi kwa pesa moja, tena imefutika!" Akaitazama. Kweli, haikubaki hata herufi. Hapo moyo ukamtulia.

"Bwana wangu," akasema, "kichwa changu hiki hata mashemeji kinawasahau. Ila kila mkono ulioishika pesa hii uliondoka na shaba kidogo. Basi nipe dinari moja mpya niipeleke sokoni, ishikwe mkono kwa mkono, nami niifuate nikihesabu. Siku itakapofutika kama hii, hesabu yako itakuwa imetimia."

Sultani akaruka. "Dinari yangu! Ishikwe na wauza samaki?"

"Na wauza mkaa pia, bwana."

Sultani akalikumbatia sanduku, kisha akajiona alivyolikumbatia, akaangua kicheko. "Umenishinda, mjinga we! Nyumba ni yako. Na pesa hiyo naitaka sandukuni mwangu. Twaa dinari badala yake."

Ikawa Vuai kukimbilia sokoni kununua muhogo. Bibi muuzaji akaitazama dinari, akayatazama na matambara ya Vuai.

"Baki ya hii niitoe wapi, mwanangu? Hata pesa moja huna?"

"Nilikuwa nayo," akasema Vuai. "Nimemuuzia Sultani, tena kwa faida."

Basi akarudi kwa Mize mikono mitupu, tajiri kuliko soko zima, tumbo likimnguruma.