Kikapu Kilichovuka Ua

Mwanamke mmoja alikuwa na ujuzi wa mboga za porini. Aliitwa Semeni. Mvua za kwanza zinyeshapo, ghala likiwa tupu na mahindi hayajafika magotini, yeye hakulala njaa. Aliujua mnavu, mgagani na mchunga, na alijua ipi huchemshwa mara mbili na maji yake kumwagwa.

Mwanawe akaoa binti wa ziwani, Nyamizi, aliyezoea samaki. Siku ya kwanza Semeni alimpelekea bakuli la mnavu. Binti akaonja, akakunja uso, akasema kwao majani kama hayo hupewa mbuzi. Lilikuwa neno la kitoto, lakini Semeni aliliweka moyoni. Akaapa kwamba hatamwonyesha huyu hata jani moja. Wakaishi ua mmoja, majiko mawili, wakisalimiana shingo upande.

Mwaka mmoja mume wa Nyamizi alikuwa mbali kibaruani, na unga ukaisha. Wajukuu wawili wa Semeni wakawa wanalia njaa tangu asubuhi. Nyamizi akachukua kikapu, akaenda porini peke yake. Semeni, aliyekuwa akipita njiani, alimwona akichuma mnavu, na pamoja na mnavu, mranaha. Mranaha ni sumu, na ukiwa mchanga hudanganya macho ya mgeni.

Semeni akapita zake. Alirudi nyumbani, akaketi mlangoni pake. Ana mdomo, alijiambia, na aulize. Nyamizi naye akarudi, akabandika maji, na moshi ukaanza kupanda jikoni kwake. Semeni aliwasikia wajukuu wakiulizia chakula. Alitaka kusimama, magoti yakakataa. Nisiwafiche: hayakuwa magoti, kilikuwa kiburi.

Ndipo Nyamizi akatoka jikoni na kikapu chake. Akavuka ua, akapiga magoti, akakiweka miguuni pa mkwewe.

"Mama, unisamehe. Nichambulie mboga hizi, mimi sijui."

Semeni akazimwaga kwenye ungo. Akachambua jani kwa jani, akatoa vishina saba vya mranaha, akavifukia shimoni. Kisha akalia kwa furaha, akalia bila haya, na Nyamizi akadhani ni kwa sababu ameombwa radhi. Wakapika pamoja, wakatia karanga. Watoto wakala, wakalamba vidole, wakalala. Asubuhi Semeni alikuwa wa kwanza kwenda kuwatazama, akawakuta wanakimbizana na kuku. Akashukuru Mungu hapo hapo uani, kwa sauti.

Basi asiyejua ndiye aliyemwokoa anayejua. Nanyi mnaoketi mlangoni na ujuzi wenu, mkingoja kuulizwa, nijibuni: kama Nyamizi asingeuvuka ua ule, ni nani angekuwa amewalisha watoto sumu?