Bibi Aliyechoka Kupumzika

Wapendwa, sogezeni watoto karibu, maana neno hili ni lao pia.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyeishi kijijini mpaka magoti yakaanza kumsumbua. Mwanawe akamchukua, akamleta kwake mjini. Na mkamwana wake alikuwa mwema kweli! Alimwekea kiti chenye mto sebuleni, akampa chai ya tangawizi kila asubuhi na maji ya moto ya kuoga. Bibi akishika ufagio, ananyang'anywa. Akitaka kuchambua mchicha, anaambiwa, "Hapana mama, wewe ulishafanya yako. Kaa upumzike." Akisimama mlangoni mwa jikoni kutazama jiko la gesi linavyowashwa, "Mama, rudi, litakuunguza hilo!"

Niambieni, mkamwana huyo ana kosa gani? Nani hapa hamtaki wa namna hiyo? Hata mimi namtaka.

Basi bibi akakaa. Akahesabu maua ya pazia, akayamaliza, akaanza upya. Asubuhi moja wakamkuta kwenye kile kiti, amejitanda kanga, viatu viko mguuni, mfuko umefungwa.

"Mama! Tumekukosea nini?" mkamwana akauliza.

"Hamjanikosea, mwanangu. Ila wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi hiyo ya tatu nimeingoja tangu masika, haijafika. Acha nirudi kwangu."

Mkamwana akaanza kulia. Alidhani anampa heshima, kumbe kila kukicha alikuwa anamkaribisha upya kama mgeni.

Hapo akatokea binti wa nyumba ile, mjukuu, ambaye humtania bibi yake kama wajukuu wote.

"Mke mwenzangu, unakimbia gesi?"

"Nani akimbie? Mimi nimepikia mafiga kabla baba yako hajaota jino!"

"Basi njoo uwashe. Ukiweza, mfuko nakubebea mwenyewe mpaka stendi. Ukishindwa, unakaa hapa mpaka ujue."

Bibi akainuka, goti likalia, akaingia jikoni. Akawasha kiberiti kwanza, kisha akafungua gesi taratibu. Moto wa buluu ukachanua mara moja! Kumbe siku zote zile alizofukuzwa mlangoni, alikuwa anajifunza.

Mkamwana akapiga kigelegele, kisha akakikatiza katikati. Maana bibi ameshinda, si ndiyo? Basi ataondoka. Binti akaunyanyua mfuko kama alivyoahidi.

Bibi akautazama ule moto. Akamtazama mjukuu.

"Weka mfuko chini, mke mwenzangu. Niletee sufuria. Nani anawasha moto akauacha bila kuinjika kitu?"

Maharage yalipokuwa yakichemka, aliwasimulia jinsi alipokuwa bibi harusi mama mkwe wake alivyomtuma kuomba moto kwa jirani, naye akarudi na kaa la moto kwenye kigae, huku akilipuliza njia nzima lisizimike. Mkamwana akavuta kigoda, akasahau hata vyombo. Habari hiyo hakuwahi kuisikia, kwa sababu hakuwahi kuuliza. Maharage yakashika chini kidogo. Wakayala yote, wakagombania ukoko.

Wapendwa, sisi tunaowatunza wazee, tunawapa mito na blanketi, na ni vizuri, Mungu atubariki. Lakini je, tumewapa la kufanya? Tumewauliza neno? Na ninyi wenye mvi, msituonee haya. Mkitaka kujifunza simu, semeni. Mkitaka kujua mtoto anasoma nini shuleni, muulizeni. Jicho linalotaka kujua halina uzee. Na sisi vijana tusicheke, kwa sababu sote tunazeeka, hata huyu mtoto anayesinzia mgongoni mwangu.

Leo tukifika nyumbani, tumpe mzee wetu kiberiti. Sufuria ataitafuta mwenyewe.