Aliyegonga Kengele Akabaki Nje

Mgonga kengele naye huitwa. Mmemsikia mke wa mwinjilisti akimwambia hivyo mwalimu wenu wa kipaimara, mkaangua kicheko kama watu wanaojua wanachokicheka. Sasa mnaniuliza usemi huo umetoka wapi. Umetoka papa hapa, kwenye usharika wetu wa Nkweshi, milimani Upare, na wala si zamani hivyo. Nilikuwepo, tena na meno yangu yote. Haya, kaeni. Wewe mwenye simu, itie mfukoni. Methali hiyo ilianza hivi.

Mwaka huo tuliletewa mchungaji, Eliasikia Mndeme. Hakuwa mgeni kabisa. Ujanani aliwahi kuwa mwinjilisti hapa kwa miaka miwili, kijana mwembamba mwenye haraka, kisha akaenda chuo cha theolojia. Alirudi na miwani na kitambi, na mahubiri yake yalikuwa toba, toba, toba. Akikuambia utubu, unatubu hata la jirani. Lakini alikuwa na tabia moja niliyoipenda: alikuwa mdadisi. Akikuta mlango umefungwa, atataka kujua aliyeufunga ni nani na ufunguo uko wapi.

Jumapili ya kwanza tu akaona jambo. Kengele yetu wakati huo ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo uani, na aliyeigonga alikuwa mama mmoja wa makamo. Kengele ya kwanza, watu waamke. Ya pili, wavae. Ya tatu, waingie. Tukaingia wote. Yule mama akaweka nyundo chini, akaketi kwenye jiwe nje ya dirisha, akaimba nyimbo zote pamoja nasi kutoka huko huko. Wakati wa chakula cha Bwana, watu walipokwenda madhabahuni, yeye alijifunga kitenge chake akaenda zake.

Baada ya ibada Mchungaji akamwuliza Mzee Kajiru, mzee wa kanisa.

"Yule mama wa kengele, mbona haingii?"

"Yule? Ni wa nje tu."

"Ni Msabato?"

"Ah! Msabato atupigie kengele ya Jumapili?"

"Sasa wa nje kwa nini?"

Mzee Kajiru akakuna kichwa. "Mchungaji, na sisi tumezoea kumwona hivyo."

Jibu hilo lilimkera Mchungaji wiki nzima. Jumapili ya pili alimsubiri yule mama pale kwenye nguzo, akamwuliza mwenyewe. Mama alimtazama kwa muda mrefu, kama anayesubiri jambo, kisha akasema, "Kazi yangu iko huku, Mchungaji. Ingia, watu wanakungoja." Mchungaji akaingia, lakini siku hiyo alihubiri vibaya, nasi tulisema pengine ana homa.

Basi siku moja akafungua kabati la ofisini na kutoa vitabu vya washarika, vile vya zamani vilivyoliwa na mende. Alisoma kimoja baada ya kingine, maana alikwisha kupata jina la yule mama: Nakijwa Mbaga. Akalikuta kwenye ukurasa wa miaka kumi na tisa nyuma. Maneno yalikuwa haya: "Nakijwa Mbaga, mwanakwaya, ametengwa miezi sita kwa kupika pombe ya dengelua. Akae nje ya kundi mpaka nitakapomwita." Chini yake palikuwa na sahihi. E. Mndeme, Mwinjilisti.

Mchungaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwandiko ulikuwa wake. Ndipo akamkumbuka: binti wa sauti ya kwanza, aliyepika dengelua ya miwa kwenye mahari ya kaka yake, akasimamishwa mbele ya usharika mzima na jina lake kusomwa. Yeye ndiye aliyelisoma. Mwezi wa nne wa adhabu hiyo ilikuja barua ya chuo, akafunga mzigo kwa furaha na kuondoka. Wachungaji waliofuata walimkuta Nakijwa nje, wakadhani ndiko kwake.

Sasa, wajukuu zangu, msidhani mtu wa Mungu hajaribiwi. Kalamu ilikuwa mezani. Angeandika maneno mawili tu, "amerudishwa kundini", akafunga kitabu, na nani angejua? Wiki ya uamsho ilikuwa imekaribia, wageni wangetoka sharika zote za jirani, na yeye ndiye mhubiri. Aliona haya, akaona na hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa kubwa. Akachukua karatasi, akaandika barua nzuri ya kumkaribisha Nakijwa mezani kwa Bwana, akapiga na mhuri. Aliyemtenga hakutajwa humo. Akapanda nayo mlima.

Alimkuta shambani anachimba tangawizi. Nakijwa alijifuta mikono, akaipokea barua, akaisoma yote, akamrudishia.

"Sitaki."

"Mama, ni barua ya kukurudisha!"

"Nimeiona. Ulinitoa mbele za watu wote, Mchungaji. Leo unanirudisha kwenye tangawizi, anasikia nani? Huyu mbuzi?"

Mchungaji akaitia barua mfukoni. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kumbe ulinijua?"

"Siku ile ile uliyofika."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Uliniambia nikae mpaka uniite. Nikakaa. Mwaka wa kwanza nilikaa benchi la mlangoni, nikachoka kutazamwa. Nikatoka nje. Baba, aliyekuwa akigonga kengele, alipofariki, hakukuwa na mtu wa kuigonga, nikaishika. Nikasema, kama siitwi, basi na niite wenzangu." Hapo akainama, akang'oa tangawizi moja. "Lakini Mchungaji, mtu hajikaribishi mwenyewe. Nimeumia. Miaka yote nimeumia, na hakuna aliyeniuliza ila wewe."

Mchungaji aliteremka na barua yake mfukoni. Siku tatu hakula vizuri. Mkewe ndiye aliyetueleza baadaye. Alikuwa akijiuliza swali moja tu. Miaka yote amewaambia watu wajitokeze mbele, wasione haya, Mungu hupokea. Je, mwenyewe aliwahi kuliamini hilo neno, au alikuwa akilipeleka tu kwa wengine?

Jumapili ya kufungua uamsho kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kengele ya tatu ikalia. Mchungaji akapanda madhabahuni na kusema, "Kabla hatujaanza, leo wanarudi kundini wawili."

Shingo zikageuka. Mnajua desturi yetu: anayerudi husimama mbele, huulizwa maswali matatu, hujibu, hupewa mkono. Na sisi, Mungu atusamehe, tulipenda sana kujua ni nani na kafanya nini.

Mchungaji akatembea mpaka mlangoni na kuita kwa sauti ya kusikika bondeni, "Nakijwa Mbaga! Nilikutoa kwa miezi sita, nikakusahau miaka kumi na tisa. Nakuita. Ingia."

Tukamwona anaingia, nyundo bado iko mkononi, amesahau kuiweka chini. Alitembea katikati ya kanisa huku machozi yakimtiririka, akasimama mbele. Na watu wakaanza kutazama mlangoni wamwone wa pili.

Mchungaji hakurudi madhabahuni. Alivua skafu yake ya kichungaji, akaikunja juu ya benchi, akasimama bega kwa bega na Nakijwa. Akamnyooshea Mzee Kajiru kitabu cha ibada.

"Mzee, tuulize."

Mzee wa watu akarudi nyuma hatua moja. "Wewe? Mchungaji, siwezi! Wewe ndiye unayeuliza!"

Aliyemjibu ni Nakijwa, bila hasira, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida.

"Muulize tu, Mzee. Mgonga kengele naye huitwa."

Basi Mzee Kajiru akauliza, na wawili wale wakajibu kwa sauti moja. Chakula cha Bwana siku hiyo kiligawiwa na mchungaji mgeni, na Mndeme alipiga magoti akapokea kama wengine, Nakijwa kando yake.

Mnanitazama. Mnataka kujua mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa kwaya, sauti ya kwanza, mahali pale pale Nakijwa alipokuwa akisimama. Alikuwa rafiki yangu. Alipotengwa nikapewa nafasi yake, na kwa miaka kumi na tisa nilimsikia akiimba nje ya dirisha nisimwulize lolote, kisha nawafundisha watoto wa Jumapili habari za upendo. Mzee Kajiru alipofunga kitabu, nikatoka kwenye mstari wa kwaya. Nikasimama mbele, wa tatu, nikamwambia akifungue tena.

Mgonga kengele naye huitwa.