Kelele Iliyolala Chini ya Mayai

Hapo zamani, na sisemi ile ya fisi na sungura, nasema zamani ya juzi, wakati kazi zilikuwa za watoto wa wenye kazi, aliishi Wundanyi kijana aitwaye Mwadime.

Mwadime alikuwa na degree ya umeme na mawasiliano. Mama yake, Mkawasi, aliitia karatasi ile kwenye fremu ya kioo akaitundika juu ya kochi, na kwa miaka minne karatasi ikawa inawatazama wakila sukuma wiki. Barua za kuomba kazi alituma mia na ushee. Waliojibu waliandika "We regret." Wengine hawakuregret hata kidogo, walinyamaza tu.

Kitu pekee kilichobaki kumpa heshima kilikuwa redio. Kidude cha ukubwa wa kiberiti, unakichomeka kwenye laptop, unakifunga waya mrefu unaotoka dirishani hadi kwenye mti, na kompyuta yenyewe inageuka redio. Stesheni unazisikia na unaziona pia, kila moja mstari mwembamba unaoteremka kwenye skrini kama maji mwambani.

Basi chama cha watu wa redio, wale wanaoongea na watu wa mbali hewani, kule Mombasa, kikatangaza kazi. Kazi ya kweli, yenye mshahara na barua: mtu wa kuzunguka nyumba za wanachama akiwinda kelele, maana siku hizi kila chaja na kila taa ya bei rahisi inatapika kelele hewani. Mtihani ulikuwa mmoja. Nyamazisha nyumba yako kwanza. Jumamosi katibu wa chama, Bi Zuhura, angepita kusikiliza, na fomu yake ilikuwa na mstari mmoja tu: Jina la aliyenyamazisha. Atakayeandikwa hapo ndiye angepata kazi.

Na nyumba ya Mwadime ilikuwa inanguruma. Kwenye skrini, nguzo za njano nene kama za uzio, zinakuja dakika chache, zinapotea, zinarudi. Masikioni, nyuki ndani ya debe.

Sheria ya kwanza ya kuwinda kelele anaijua hata mwanafunzi wa first year: zima kwako kwanza. Funga swichi kuu, washa laptop kwa betri, sikiliza. Lakini jikoni kulikuwa na mashine ya mama ya kuangulia mayai, mayai mia na ishirini, yamefika siku ya kumi na sita, na mama alikuwa ameshasema, "Atakayezima stima ataatamia mwenyewe." Mwadime akairuka sheria ya kwanza. Akaenda moja kwa moja kwa watu.

Akaenda kwa Righa, fundi wa kuchomelea, jirani wa chini.

"We fundi, zima hiyo mashine. Unachafua masafa."

"Nachafua nini, mwanangu?"

"Masafa. Frequency. Achana nayo, hutaelewa. Haya si mambo ya darasa la saba."

Wazee wawili wa kanisa walikuwa pale wakisubiri geti lao. Wakatazama chini. Righa akavua miwani yake nyeusi, akazima. Akazima kutwa, na kesho yake kutwa. Wazee wa kanisa wakapeleka geti kwa fundi mwingine.

Righa alizima. Kelele ikabaki.

Akaenda kwa Mshai, jirani wa juu, mwenye saluni.

"Dada, hizo taa zako za bei ya mandazi zinaniharibia."

"Injinia, kumbe wewe ndiye ulikuwa unatuharibikia," Mshai akasema, wateja wakacheka. Lakini alizima, akatoa viti nje, akasuka watu kwenye ukungu.

Mshai alizima. Kelele ikabaki.

Alhamisi mchana mama akamkuta amekaa mbele ya skrini, amejishika kichwa.

"Umezima kijiji kizima. Umebakisha nani, chifu?"

"Mama, this is technical."

"Haya, ni technical." Akachukua redio yake ndogo ya betri, ile ya kusikilizia matangazo ya vifo saa saba mchana. "Hii nayo inakoroma tangu Pasaka. Ndiyo maana tangazo la Mghoi lilinipita. Mtu niliyebatizwa naye siku moja, akazikwa mimi nimekaa hapa napepeta mchele. Dada zake mpaka leo hawaitiki salamu yangu."

Akaizungusha redio hadi mahali pasipo na stesheni, akaanza kutembea nayo. Mlangoni ilinong'ona. Sebuleni ikakoroma. Jikoni ikapiga kelele. Alipoisogeza kwenye mashine ya mayai, ikanguruma kama lori linalopanda mlima. Mashine ikakata joto, redio ikanyamaza. Mashine ikawasha joto, redio ikanguruma.

"Ndiye huyu," mama akasema. "Tunaishi naye."

Mwadime akapiga magoti, akafungua kisanduku cha umeme cha mashine. Mle ndani palipaswa kuwa na pete nyeusi, nzito kama jiwe, inayovishwa waya ili kelele ya mashine isitoke. Hapakuwa na pete. Palikuwa na waya uliokatwa ukaungwa tena kwa tepu ya kijani.

Tepu ilikuwa yake, na mkono uliouunga ulikuwa wake. Wiki ya Pasaka alikuwa amesoma kwamba pete kama ile ukiivisha waya wa antena, redio hutulia. Duka la pete lilikuwa Nairobi. Pete ya mama ilikuwa jikoni. Akajiambia, kuku hawahitaji utulivu.

Joto likampanda kutoka shingoni hadi masikioni. Akafunga kisanduku, akasema, "Inahitaji pete," kama daktari anayesoma ugonjwa wa mtu mwingine. Akatoka nje kuivua pete ya antena airudishe kimyakimya. Akavuta waya kwa haraka. Pete ikamponyoka, ikaanguka kwenye ngazi ya saruji, ikapasuka vipande vitatu kama chungu.

Wundanyi nzima, mtu mwenye pete nyeusi alikuwa mmoja. Righa. Nyuma ya karakana yake kulikuwa na mizoga ya televisheni za kizamani, zile zenye kisogo, na kila kisogo kina pete yake. Ijumaa asubuhi Mwadime akasimama getini pa Righa muda mrefu kuliko inavyohitajika kubisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo nimekuwa mzee?"

"Naomba pete. Za televisheni."

Righa akamtazama. Mashine yake ilikuwa baridi, hakuna mteja. "Kelele si yangu, basi."

"Si yako."

"Nani mwenyewe?"

Mwadime akatazama rundo la televisheni. "Mashine tu ya mayai."

Righa akaingia nyuma ya karakana. Akachagua pete tatu, akabeba chuma chake cha kulehemu, akaja mwenyewe.

Ilibidi plagi ing'olewe. "Dakika ngapi?" mama akauliza. "Arobaini." Basi Mkawasi akayahamishia mayai kitandani, akayafunika blanketi tatu, akapanga chupa za maji moto, kisha akaingia mwenyewe katikati yao kama tetea. Mwadime akawa anaelekeza: pitisha hapa, zungusha mara kumi na mbili, usiache nafasi. Righa akazungusha, akalehemu. Mwadime akabandua tepu ya kijani, akaitia mfukoni upesi. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mama, kutoka kitandani, aliuona mkono ukiingia mfukoni na tepu. Akavuta blanketi juu ya mayai.

Plagi ikarudi, mayai yakarudi. Skrini ikawa nyeusi tii, na juu yake mistari myembamba, safi, ya stesheni ambazo Mwadime hakuwahi kujua zipo.

Jumamosi, saa sita na nusu, Bi Zuhura akaketi chini ya ile degree, akavaa spika za masikioni, akasikiliza. Akasikia mtu wa mbali mno akijitaja jina herufi moja moja. Akatabasamu, akatoa fomu.

"Nani alinyamazisha?"

Righa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Andika Righa. Pete ni zangu, mkono ni wangu. Nimefungiwa kazi siku mbili kwa kosa lisilo langu, nimepoteza geti la kanisa, na bado nilipoombwa nilikuja."

"Nikikupeleka nyumba nyingine, utaitafutaje kelele?"

"Nitamwita Mama Mwadime."

Mama akasema, "Kama ni kutafuta, niliitafuta mimi, na redio ya vifo. Na mayai niliyatunza kwa mwili wangu. Lakini ukinifungulia kisanduku sijui waya upi ni upi. Andika mwanangu."

Bi Zuhura akamgeukia Mwadime. Kalamu ilikuwa imeshuka karibu na karatasi. Mwadime akaiona kazi ile kwa macho yake, ina upana wa mstari mmoja.

Ndipo jikoni redio ndogo ikaanza matangazo ya saa saba. Safi, neno kwa neno: jina la marehemu, mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, mazishi siku fulani. Mama akageuza kichwa, akasikiliza hadi jina la mwisho, kama mtu anayetafuta jina ambalo lilishapita.

Mwadime akatia mkono mfukoni, akaweka tepu ya kijani juu ya fomu.

"Kelele niliileta mimi," akasema, akitazama sakafu. "Pete niliing'oa mimi, wiki ya Pasaka. Fundi nilimtukana bure. Na mazishi ya Mghoi, mama, ni mimi. Lakini pete inakaa wapi na inazungushwa mara ngapi, hapa nilijua mimi peke yangu. Nalo pia ni kweli."

Righa akacheka kwa pua. "Ameungama baada ya kuiona kalamu. Jana nilipomuuliza, tepu ilikuwa haisemi?"

"Mimi niliiona jana, nikanyamaza," mama akasema. "Nilitaka apate. Kama ni aibu, nikatieni nusu."

Bi Zuhura akaigeuzageuza ile tepu. "Namtafuta mtu wa kuingia nyumba za watu na kuwaambia kelele ni yao," akasema polepole. "Mmoja ana sikio. Mmoja ana mkono, na amedhulumiwa. Mmoja ana akili, na ndiye mwizi, na sasa amesema. Mstari nilio nao ni mmoja."

Akasubiri. Juu yao degree ikaendelea kuning'inia kwenye kioo chake, ikitazama.

Haya, nyinyi mnaopenda kuhukumu mkiwa mmeshiba. Kalamu hiyo hapo, wino haujakauka. Mngeandika jina la nani?