Kulia kwa Nani?

Kuna fumbo moja nililolibeba tangu ujana, na mpaka leo sijalifumbua. Nimewauliza waliosoma na wasiosoma. Kila mmoja alinijibu upesi, kisha baada ya siku tatu akarudi kubadili jibu. Basi leo nawapa nyinyi. Mwenye masikio mawili aniazime moja.

Zamani Warumi walipoitawala Afrika ya kaskazini, walikuwa na jimbo waliloliita Mauretania, kwenye pwani ambayo sehemu yake leo ni Aljeria. Mbele bahari, nyuma milima, na nyuma ya milima nyanda kavu. Pwani waliishi askari wastaafu wa Kirumi, waliopewa mashamba. Milimani waliishi wenyeji, ambao mashamba hayo yalikuwa yao. Mji mmoja wa wastaafu ulikauka visima. Maji yalikuwako, lakini ng'ambo ya mlima. Ikaamuliwa mlima utobolewe.

Wastaafu na wana wao wakaanza kuchimba upande wa kaskazini, wenyeji upande wa kusini, wakutane katikati. Mpimaji akawaambia wote, "Mkikuta mwamba mgumu, pindeni kulia kidogo." Akapanda nyumbu, akaenda zake.

Katika habari hii wamo watu watatu wenye vipawa.

Iddibal alikuwa mchonga mawe mzee. Aliuma tindo kwa meno, ncha akaiegemeza kwenye mwamba, akausikia mlima ndani ya fuvu la kichwa chake.

Namgidde alikuwa mfumaji, mjane. Nyuzi za kupimia za makundi yote mawili zilitoka kwake, na fundo lolote alilisoma kwa vidole kama wewe unavyosoma barua.

Birzil alikuwa mtumwa, mwembamba, ametolewa machimboni. Alipita mahali ambapo mbwa angerudi nyuma.

Asubuhi moja mlima ulikohoa. Vumbi likatoka mdomo wa kaskazini, na wachimbaji nyuma yake, wakikimbia. Walipohesabiana, Rogatus hakuwamo. Alikuwa mwana wa askari, baba yake amekwisha kufa, naye ndiye aliyekuwa mbele kabisa. Dari ilikuwa imeanguka nyuma yake.

"Kuondoa kifusi ni siku nne," alisema msimamizi.

"Na hewa aliyo nayo?" akauliza mchimbaji mmoja.



Habari ikafika kusini. Mzee Iddibal akaingia handaki la upande wao, akauma tindo, akafumba macho. Wenzake wakanyamaza hata pumzi.

"Yu hai," alisema. "Anagonga mara tano, anapumzika, anagonga tena. Lakini hayuko mbele yetu. Yuko ubavuni."

Wastaafu waliokuja kusikiliza wakacheka kwa hasira. "Ubavuni? Mzee, meno yako yamelegea!"

"Yamelegea, ndiyo. Masikio bado. Sasa anagonga mara nne."

Kicheko kikakatika. Ila sauti ndani ya mwamba haina anwani: yuko ubavuni, lakini ubavu wa wapi? Handaki la kusini lilikuwa na urefu wa hatua mia sita. Ukitoboa mahali pasipofaa, unamzika mara ya pili.

Namgidde akaomba nyuzi zote mbili. Kila kundi lilifunga fundo moja kila hatua kumi, na kitambaa chekundu kila lilipopinda. Akazitandaza mchangani, moja kutoka kaskazini, moja kutoka kusini, akizikunja palipo na nyekundu. Ncha zilipaswa kugusana. Hazikugusana. Zilipita sambamba, kama watu wawili waliopishana gizani pande mbili za ukuta.

"Nani aliwaambia mpinde huku?" aliuliza.

"Mpimaji. Alisema kulia," wakajibu wa kaskazini.

"Nasi alituambia kulia," wakajibu wa kusini.

"Kulia kwa nani?" akauliza Namgidde. Watu wanaotazamana, kulia kwa huyu ni kushoto kwa yule. Hapakuwa na aliyefikiria hilo. Mzee mmoja akanung'unika, "Kumbe lilikuwa handaki la kulia machozi."

Namgidde akabana nyuzi zote mbili kwa kidole. "Fundo la arobaini na moja, kuhesabia kusini. Hapo ukuta ni mwembamba."

Iddibal akapaza sauti kutoka ndani: "Mara mbili!"

Birzil akashika tindo, akaingia mpaka hapo. Alitoboa tundu la upana wa mabega yake tu, kwa sababu dari ya kusini nayo ilikuwa imeanza kudondosha changarawe. Alipofika ndani zaidi ya urefu wake, mwamba ukalia juu yake, krr, wenzake wakarudi nyuma.

"Toka, Birzil!"

"Nikitoka, nani ataingia?"

Iddibal alitoa tindo mdomoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Sisikii tena," alisema.

Birzil akasukuma jiwe la mwisho, akanyoosha mkono kwenye giza, akapapasa, akapapasa, akashika kifundo cha mguu. Kilikuwa cha baridi. Akavuta. Walipotoka wote wawili, tundu lilijifunga nyuma yao, na Rogatus akapiga chafya.

Sasa sikieni desturi ya wale wastaafu. Aliyeokolewa humvika mwokozi wake taji la majani ya mwaloni, kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo humwita baba, humlisha, humtetea, humzika. Taji ni moja, kwa maana mtu hana baba wawili.

Baraza likakaa. Iddibal alikuwa amezika wana watatu, na hakuwa na wa kumzika yeye. Namgidde alikuwa akinyang'anywa shamba, kwa kuwa hana mwanamume wa kusimama naye barazani. Birzil alitakiwa kurudi machimboni kabla ya jioni. Baba wa raia wa Kirumi asingerudishwa.

"Sheria haisemi mama," alisema karani.

"Sheria ilikuwa wapi uzi wangu ulipokuwa ukimtafuta?" akajibu Namgidde.

"Bila sikio langu mngemlilia tu," alisema Iddibal.

Birzil alikuwa akiutazama mlolongo wa watumwa uliokuwa ukimngoja njiani.

Rogatus alilia. "Msinilazimishe, wazee wangu. Kule ndani niliogopa kufa. Hapa naogopa zaidi."

Simlaumu. Wala baraza sililaumu sana, maana nalo liliogopa kuchagua. Likaamua hivi: watatu wasimame mstari, Iddibal mwisho huu, Birzil mwisho ule, Namgidde kati; na taji avikwe aliye kulia, kabla jua halijagusa bahari. Wa kuutekeleza uamuzi huo ni Rogatus peke yake.

Rogatus akalichukua taji, akasimama mbele yao, wakitazamana. Akainua mguu, akaurudisha.

"Kulia kwangu," aliuliza, "au kulia kwao?"

Karani akausoma tena uamuzi: "Aliye kulia."

"Nami niliye katikati, mwanangu?" akauliza Namgidde.

Jua linashuka. Majani ya taji yameanza kunyauka mkononi mwake. Wewe uliyesikia tangu mlima ulipokohoa, ungemvika nani?