Sange na Kikapu cha Sufi

Hapo zamani za kale, watoto, wakati wanyama wa bondeni walipokuwa bado wakila ugali na kulala vitandani, Kiboko alikuwa na kiwanda cha unga. Kilikuwa banda moja lenye vinu vikubwa, na kelele zake zilisikika ng'ambo ya mto. Pu! Pu! Pu! Michi ilipanda na kushuka tangu asubuhi hadi jioni.

Humo alifanya kazi Sange. Mnamjua Sange? Ni mnyama mdogo kama panya, mwenye miguu myembamba, masikio mapana na pua ndefu inayochezacheza. Kazi yake ilikuwa kuchagua mawe kwenye mtama kabla haujatwangwa.

Sange alikuwa na taratibu zake. Alitia sufi masikioni, kwa sababu kelele za vinu zilimwingia kichwani na kumvuruga mawazo. Alifagia njia moja kutoka langoni hadi kwenye ungo wake, akaipita hiyo hiyo kila siku. Jani likiangukia njiani, aliliondoa kwanza. Na akitumwa, aliomba atumwe jambo moja moja.

Fisi, mnyapara wa kiwanda, hakupendezwa.

"We Kipua! Lete maji, funika magunia, mwite Nyati, anika mtama, upesi!"

"Moja moja, mnyapara. Lipi kwanza?"

"Yote kwanza! Hahahaa!"

Fisi akaenda kumshtaki. Kiboko akamwita Sange mbele ya wote.

"Nasikia unaziba masikio kazini. Tena una barabara yako mwenyewe, kama sultani. Niangalie usoni ninaposema nawe!"

"Nikikuangalia usoni, bwana, sisikii unachosema. Naweza kufanya moja tu. Unataka lipi?"

Wafanyakazi wakaangua kicheko. Sange hakuwa akitania, na Kiboko hakucheka.

"Hapa hakuna wa peke yake! Kuanzia kesho sitaki sufi, sitaki njia yako. Fanya kazi kama wenzako."

Kesho yake Sange akatii. Pu! Pu! Pu! Kanga, aliyekuwa akipepeta karibu naye, akasimulia habari za jirani yake tangu alfajiri. Fisi akafoka huku na huku. Ikafika saa Sange akautazama ungo, asijue lipi jiwe na ipi punje.

Adhuhuri Kiboko akakaa kula ugali. Kraa!

"Yalaa! Jino langu! Sange!"

"Naam, bwana."

Kiboko akalishika shavu. "Jiwe hili nakusamehe, maana ni la kwanza tangu uje hapa. Nikitafuna jingine, lango lile pale. Usirudi."

Ulikuwa msimu wa njaa. Mvua zilikuwa zimechelewa, na aliyefukuzwa kiwandani hakuwa na pengine pa kupata unga. Sange alikuwa na mke na watoto.

Jioni mkewe akamwambia, "Baba Pukupuku, si uwaombe tena?"

"Nimeomba, wamecheka. Fisi hataki nipate ninachokihitaji mimi." Pua ya Sange ikachezacheza. "Lakini kila anachodhani ni cha mwingine, hukitaka yeye. Leta kile kikapu chenye kifuniko."

Asubuhi Sange alifika kabla ya wenzake. Akatundika kikapu juu ya kiti cha Kiboko. Akaifagia njia yake ikawa safi, kisha akalaza fimbo mwanzoni mwa njia hiyo. Yeye mwenyewe akazunguka kwenye matope ya kando ya mto.

Wa kwanza kuona alikuwa Kanga.

"Ndugu yangu, kikapu kile cha nani?"

"Si changu. Nimekiacha."

"Kina nini?"

"Sufi ya masikioni. Mimi nimekatazwa."

"Umekatazwa wewe. Nani karuhusiwa?"

"Hilo bwana hakulisema."

"Mh!" Kanga akainua shingo.

Kanga hakuwahi kulala na neno, watoto. Kabla mtama wa kwanza haujaingia kinuni, kila mtu alikuwa anajua: kikapu kile ni cha wakubwa.

"Una hakika?" Nyati akauliza.

"Kasema Sange!"

"Basi ni kweli. Sange hajui kudanganya. Si ndiye aliyemwambia bwana kwamba ananuka matope?"

Fisi akaingia, miguu imejaa tope hadi magotini. Akaiona fimbo.

"Nani kaziba njia?"

"Mimi, mnyapara. Sina ruhusa ya kuipita."

"Mwenye ruhusa nani?"

"Sijaambiwa."

Fisi akaitazama njia. Ilikuwa kavu, haina jani. Akakitazama kikapu kilichoning'inia juu ya kiti.

"Mnyapara hapa ni nani? Si mimi?"

Akaipiga fimbo teke, akapita njiani kifua mbele, akakishusha kikapu. Akajitia sufi sikio hili na hili.

"Ala!" akasema Nyati. "Fisi ana nini ambacho mimi sina?" Naye akachota. Kanga akachota. Wakasukumana, kikapu kikabaki na madonge mawili tu.

Hapo Kiboko akawasili. "Mmeziba masikio? Kwa ruhusa ya nani?"

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakuna aliyesikia.

"Kikapu kimetundikwa juu ya kiti changu, na mimi ndiye wa mwisho kupata?" Kiboko akanguruma, akajitia madonge yote mawili.

Fisi akamwendea Sange. "Wewe! Sufi imekwisha. Kaokote nyingine chini ya msufi. Na njia hii uifagie kila siku, nisione jani!"

"Niifagie kwa kuipita, mnyapara?"

Fisi akachomoa sufi ya sikio moja. "Unasemaje?"

"Niifagie kwa kuipita?"

"Utaifagiaje bila kuipita, mjinga we!"

"Na sufi, nitajuaje kama ni nzuri?"

"Ijaribu masikioni mwako kwanza! Lazima nikufundishe kila kitu?"

"Sawa, mnyapara."

Kazi ikaanza. Fisi akapaza sauti, "Lete maji, funika magunia, mwite Nyati!" Hakuna aliyegeuka. Ikambidi amwendee kila mmoja, amguse bega, amwonyeshe kwa mkono jambo moja. Likiisha, amwonyeshe jingine. Wafanyakazi wakawa wanatazama mkono wake, si uso.

Sange, sufi mpya masikioni, akainamia ungo wake. Jiwe, nje. Jiwe, nje.

Adhuhuri Kiboko akatafuna kwa upande mzima wa kinywa, polepole. Hakukuta jiwe. Akamega tena, akatafuna kwa pande zote mbili, hata akakomba sahani. Kisha akachomoa sufi, akamwita Sange.

"Jana nilikataza sufi na njia. Leo kila mtu ana sufi, na Fisi anapita njiani kwako kama bwana harusi. Umetuchezea shere, Sange."

Sange akaitazama sahani. "Nimesema uongo upi, bwana?"

Kiboko akafikiri. Akautafuta, hakuupata.

"Hata hivyo! Toeni sufi nyote!" akapiga ukelele.

Pu! Pu! Pu! Nyati akaendelea kutwanga. Kanga akaendelea kusimulia, bila kujali kama anasikika. Kelele zikamwingia Kiboko kichwani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akakunja uso.

"Lo! Ndivyo unavyosikia wewe kila siku?"

"Zaidi ya hivi, bwana. Masikio yangu yanazidi mwili."

 Kiboko akaviringa sufi yake kwa vidole, akairudisha sikioni, akainua mkono na kumwonyesha Sange jambo moja tu: ungo.

Sange akashika njia yake. Katikati akakuta jani, akasimama, akaliondoa. Nyuma yake Fisi alikuwa amesimama na mguu mmoja juu, akingoja njia isafishwe ndipo apite.

Nami nawaambia, watoto: mwache mwenzio afanye kazi kwa namna inayomfaa, nawe utakula ugali usio na mawe.